SAUTI YA MWANANCHI KATIKA HUDUMA ZA MSINGI ZA AFYA

(Matini ya mazungumzo kwa masheha, wajumbe wa kamati za afya, watumishi wa vituo vya afya na wananchi wa Unguja na Pemba)



Kituo cha afya cha kijiji ni mlango wa kwanza anaoubisha mgonjwa. Hapo ndipo mtoto anapopimwa uzito na kupewa chanjo, ndipo mama mja mzito anapopimwa presha, na ndipo mwenye homa anapotolewa damu ili ijulikane kama ana malaria au hana. Hospitali kubwa ina vitanda vingi, vyumba vya upasuaji na madaktari bingwa. Lakini mengi yanayofikishwa huko ni yale ambayo yangeweza kutambuliwa au kuzuiwa mapema. Mlango wa kwanza ukiwa mbovu, nyumba nzima huingia maji.

Makusudio ya mazungumzo haya ni kueleza jambo moja, nalo ni kwamba maoni ya wananchi si pambo la huduma za afya, wala si hisani anayofanyiwa mwananchi na mtumishi. Maoni hayo ni sehemu ya kazi yenyewe, kama ulivyo mzani na kipimo cha damu. Aidha, maoni yaliyoombwa kisha yasijibiwe huleta madhara zaidi kuliko maoni ambayo hayakuombwa kabisa.

ASILI YA JAMBO HILI

Tarehe 6 hadi 12 Septemba, 1978, wajumbe wa nchi nyingi walikutana katika mji wa Alma-Ata, Kazakhstan, uliokuwa wakati huo ndani ya Umoja wa Kisovieti. Mkutano huo uliitishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF, na tamko lake ndilo lililoipa dunia maana ya huduma za msingi za afya inayotumika mpaka leo. Miongoni mwa misingi yake ni kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma za afya zao. Inafaa maneno hayo mawili, haki na wajibu, yasitenganishwe. Msingi huo ulithibitishwa tena mwaka 2018, miaka 40 baadaye, katika mkutano wa Astana, katika nchi hiyo hiyo ya Kazakhstan.

Kwa upande wa Zanzibar, safari ilikwishaanza kabla ya hapo. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 matibabu yalitangazwa kuwa bila ya malipo, na vituo vikaenezwa mashamba ambako hapo awali mgonjwa alibebwa kitandani hadi mjini. Leo wananchi walio wengi sana wa Unguja na Pemba wanaishi si zaidi ya kilomita 5 kutoka kituo cha afya. Kwa hivyo suala la masafa, ambalo bado linazisumbua nchi nyingi, hapa limepatiwa ufumbuzi kwa sehemu kubwa.

Hata hivyo, kuwa karibu na kituo si sawa na kuhudumiwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 1,889,773. Katika miaka 10 tu wameongezeka zaidi ya watu 586,000. Jengo lililokusudiwa kijiji kimoja sasa linahudumia kijiji na mitaa mipya iliyokizunguka, huku chumba cha mkunga ni kile kile na benchi la kusubiria ni lile lile. Daftari la mahudhurio huandika waliokuja. Haliandiki waliouona msururu wakarudi nyumbani. Habari za hao waliorudi hazipatikani ndani ya kituo. Wanaozijua ni majirani zao.

MAMBO YANAYOJULIKANA NA WENYEJI

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yako mambo mengi ya huduma za afya ambayo mpangaji aliyeko ofisini, hata awe hodari wa namna gani, hawezi kuyajua mpaka aambiwe.

Mfano wa kwanza ni kilimo cha mwani. Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, kama vile Paje, Bwejuu na Jambiani, kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya wanawake, nayo hufuata mwezi. Wakati wa bamvua maji hupwa sana saa za asubuhi hadi karibu na adhuhuri, na hizo ndizo saa ambazo mkulima wa mwani lazima awe shambani mwake baharini. Hizo hizo ndizo saa za kliniki ya mama na mtoto. Ikiwa siku ya kliniki itaangukia bamvua, mama atalazimika kuchagua baina ya chanjo ya mwanawe na mavuno yake. Mtumishi asiyejua jambo hili ataandika katika ripoti kwamba wanawake wa kijiji hiki hawana mwamko. Anayejua atasogeza kliniki hadi alasiri, au ataiweka katika siku za maji mafu, na mahudhurio yatarekebika bila ya kutumia hata shilingi moja.

Mfano wa pili ni Pemba katika msimu wa karafuu. Mavuno yanapokuwa mazuri, watu huwa mashambani tangu alfajiri, na nyumba hubaki na wazee na watoto wadogo. Timu ya chanjo inayopita nyumba kwa nyumba asubuhi itakuta milango imefungwa. Sheha au mjumbe wa kamati angeweza kuieleza timu hiyo mapema wapi watu watapatikana na saa ngapi.

Mfano wa tatu ni visiwa vidogo kama Tumbatu na Kojani. Huko njia ya kwenda hospitali inapita baharini, na chombo hutegemea maji na upepo. Kuvuja damu baada ya kuzaa ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wazazi, na mama aliyefikwa na hali hiyo anaweza kufa katika muda wa saa chache. Nani mwenye mashine ya boti, mafuta yanawekwa wapi, na nani ataamshwa usiku, ni mambo yanayopaswa kupangwa na wenyeji pamoja na mkunga kabla ya uchungu kuanza. Mpango wa aina hiyo hauwezi kuandikwa mjini.

Mfano wa nne ni wa siri na heshima. Katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake, mwanamke aliyevunjiwa heshima mara moja na mkunga, au aliyeona pazia la chumba cha uchunguzi limechanika, huenda asirudi tena, na huenda akajifungulia nyumbani. Hatoandika barua ya malalamiko. Atanyamaza, na shoga zake watanyamaza pamoja naye. Ukimya wa namna hiyo mtumishi anaweza kuudhania kuwa ni kuridhika, kumbe ndio malalamiko makubwa kuliko yote.

MAFUNZO KUTOKA KATIKA MALARIA NA KICHOCHO

Historia ya malaria katika visiwa hivi inatoa funzo lisilofaa kusahauliwa. Kuanzia mwaka 1957 nyumba za Unguja na Pemba zilipigwa dawa ya kuulia mbu, na maradhi yakapungua sana. Kazi hiyo iliposimamishwa mwaka 1968, malaria ilirudi kwa nguvu. Ilipofika mwaka 2003 dawa mseto ilichukua nafasi ya klorokwini katika vituo vya Serikali. Na tangu mwaka 2006 vyandarua vyenye dawa viligawiwa kwa wingi na nyumba zikaanza kupigwa dawa tena. Katika muda wa miaka michache waliokutwa na vimelea vya malaria walishuka hadi chini ya mtu 1 katika kila watu 100.

Mafanikio hayo yalitokana na dawa na vyandarua, lakini vilevile yalitokana na mwananchi. Yeye ndiye aliyetoa vyombo vyake nje ili nyumba ipigwe dawa. Tangu mwaka 2008 vituo vilianza kupeleka taarifa za malaria kila wiki kwa simu ya mkononi, na baadaye maofisa wakawa wanamfuata mgonjwa hadi nyumbani kwake na kuwapima anaoishi nao. Mlolongo wote huo huanza na mtu mmoja aliyekwenda kituoni mapema na kujibu kwa ukweli alipoulizwa kama alisafiri siku za karibuni. Mgonjwa aliyejizoesha kununua vidonge dukani kwa sababu kituoni hapokewi vizuri huukata mlolongo huo. Lugha mbaya ya mtumishi mmoja kwa hiyo si aibu ya kituo kimoja tu. Ni tundu katika chandarua cha nchi nzima.

Mfano mwengine ni wa kichocho, maradhi ambayo watoto wa vijiji vingi waliyahesabu kuwa ni sehemu ya kukua. Baina ya mwaka 2012 na 2017 ulifanyika utafiti mkubwa katika shehia 90, nusu yake Unguja na nusu Pemba. Shehia zote ziligawiwa dawa. Kundi moja liliongezewa kazi ya kuua konokono wanaobeba vimelea. Na kundi jengine liliongezewa kazi ya kubadilisha mazoea. Katika kundi hili la mwisho wanavijiji, walimu na watoto waliulizwa kwa nini watu huingia katika maji ya mito na mabwawa. Kutokana na majibu yao yalijengwa majukwaa ya kufulia nguo na vyoo vya kukojolea karibu na maji hayo, na watoto wakafundishwa michezo isiyohitaji kuingia majini.

Matokeo yanafaa kuelezwa kama yalivyo. Kichocho kilipungua sana katika makundi yote, na tofauti baina ya kundi moja na jengine haikuwa kubwa. Kwa hivyo isidhaniwe kuwa ushauri wa wananchi unaweza kuchukua nafasi ya dawa. Lakini dawa nayo haimzuii mtoto aliyepona leo kuambukizwa tena mwezi ujao ikiwa maji ya bomba hayapo na mamake hana pahala pengine pa kufulia. Daktari anajua kidonge. Mama anajua kwa nini mwanawe yumo mtoni. Pasipo na mmoja wao, kazi hubaki nusu.

UDHAIFU WA NJIA ZINAZOTUMIKA

Njia za kupokea maoni zipo. Ziko kamati za afya, iko mikutano ya shehia, yako masanduku ya maoni, na wako wahudumu wa kujitolea wanaopita majumbani, ambao mpango wa Jamii ni Afya umewapa simu za kuwaongoza katika kazi yao. Tatizo aghlabu si kukosekana kwa njia, bali ni namna njia hizo zinavyotumika.

Sanduku la maoni ambalo ufunguo wake unakaa kwa mkuu wa kituo haliwezi kupokea lalamiko linalomhusu mkuu huyo. Tena sanduku ni la mwenye kujua kuandika na mwenye ujasiri wa kuonekana akitumbukiza karatasi mbele ya benchi lililojaa watu. Inafaa ufunguo ukae kwa mjumbe wa kamati, na sanduku lifunguliwe kwa siku inayojulikana, mbele ya watu wasiopungua wawili.

Mkutano wa shehia nao una kasoro yake. Wanaosema ni wanaume wa makamo. Wanawake hukaa nyuma, vijana hawaitwi, na mwenye ulemavu huenda hakufika kabisa. Wakati huo huo watumiaji wakubwa wa kituo ni wanawake na watoto. Haifai mkutano mmoja uchukuliwe kuwa ndiyo sauti ya watu wote. Wanawake waulizwe katika vikundi vyao, pengine pwani na pengine kwenye mikutano ya kuweka na kukopa, na waulizwe na mwanamke mwenzao. Wazee na wagonjwa wa muda mrefu, kama wenye kisukari na presha, wafuatwe majumbani.

Kamati ya afya nayo huharibika inapoundwa na jamaa wa mtu mmoja, au inapoitwa siku ya mgeni peke yake. Kamati hai hujulikana kwa daftari lake la mikutano, na kwa jambo angalau moja lililobadilika kituoni kutokana na maneno yake.

Haifai pia kuwasahau watumishi wenyewe. Muuguzi anayehudumia msururu mrefu peke yake, asiye na nyumba karibu na kituo, naye ana maoni. Mara nyingi malalamiko ya mgonjwa na ya muuguzi ni jambo moja linalotazamwa kutoka pande mbili. Mkutano unaowakutanisha wote wawili bila ya kutafuta wa kulaumiwa hufaa kuliko mikutano miwili inayoshitakiana.

JIBU NDILO LINALODUMISHA MAONI

Mwananchi aliyesema mara ya kwanza na ya pili bila ya kusikia jawabu hatosema mara ya tatu. Kwa sababu hiyo kila kituo kinahitaji daftari la maoni lenye safu nne: tarehe, jambo lenyewe kwa maneno ya aliyelisema, jina la cheo cha aliyekabidhiwa, na jibu pamoja na siku lilipotolewa. Jina la mlalamikaji halina haja ya kuandikwa. Kila baada ya muda uliokubaliwa, majibu yabandikwe ubaoni na yasomwe katika mkutano wa shehia, ili asiyejua kusoma naye ayapate.

Majibu yatakuwa ya aina tatu. Liko jambo linalomalizika kituoni, kama utaratibu wa msururu, pazia, saa za kliniki na kauli njema kwa wagonjwa; hilo halina sababu ya kusubiri bajeti. Liko la kupelekwa wilayani, kama upungufu wa watumishi au matengenezo ya paa. Na liko la Wizara, kama jengo jipya au chombo cha kuchukulia wagonjwa. Hata jibu la "haiwezekani mwaka huu, kwa sababu hii" ni jibu, na mwananchi hulipokea linapotolewa kwa uwazi. Asichokipokea ni kimya.

Suala la dawa linahitaji uwazi wa pekee, kwani hapo ndipo panapozaliwa tuhuma nyingi. Dawa zinapoletwa, inafaa wajumbe wa kamati washuhudie zikifunguliwa na kuhesabiwa, na orodha ya zilizopo na zisizokuwepo ibandikwe. Ikiwa wizi umetokea, utaonekana. Ikiwa dawa zimekwisha kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi kuliko makisio, mtumishi mwaminifu ataondokana na tuhuma asiyostahiki, na makisio yajayo yatakuwa sahihi zaidi.

MIPAKA YA MAONI NA WAJIBU WA MWANANCHI

Kusikiliza si sawa na kukubali kila kinachotakiwa. Wako wanaotaka sindano pale ambapo vidonge vinatosha, na wanaodai dawa za kuua bakteria kwa kila kikohozi. Mtumishi akiwaridhisha, vijidudu hujifunza kuishinda dawa, kama vimelea vya malaria vilivyoishinda klorokwini. Katika hali hiyo mwananchi ana haki ya kupewa sababu kwa lugha anayoifahamu na kwa adabu. Hana haki ya kupewa dawa isiyomfaa.

Mwananchi naye ana wajibu. Ni juu yake kufika mapema, kutunza kadi ya kliniki, kusema kweli anapoulizwa, na kuhudhuria mikutano anayoitwa. Ni juu yake kutomtukana mtumishi, na kulalamika kwa kueleza jambo lilivyotokea na siku lilipotokea, kwani lalamiko la "huduma mbaya" pekee halimwonyeshi mtu pa kuanzia. Na ni juu yake pia kushukuru panapostahiki. Mkunga aliyekesha na mzazi usiku kucha akasikia neno la shukrani ataukesha na usiku mwengine.

HITIMISHO

Ndugu wananchi na ndugu watumishi, hospitali mpya za wilaya zilizojengwa baada ya mwaka 2020 zimeongeza uwezo wa matibabu katika visiwa hivi. Lakini hakuna hospitali itakayotosha ikiwa mlango wa kwanza umeachwa, na kila mgonjwa anakimbilia Mnazi Mmoja kwa ugonjwa ambao ungetibiwa kijijini.

Yaliyoelezwa hapa hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji daftari, ufunguo unaokaa kwa mtu anayeaminika, ubao wa matangazo, saa za kliniki zilizopangwa kwa kuuliza wenyewe, na desturi ya kujibu. Kila shehia inaweza kuanza na jambo moja: kamati na watumishi wa kituo wakutane, wachague lalamiko moja linaloweza kumalizwa pale pale kituoni, walimalize, kisha wautangazie umma kwamba limemalizika. Mwananchi akiona kwamba neno lake limesogeza kitu, ataleta la pili. Na huenda hilo la pili ndilo litakalomwokoa mzazi katika kisiwa kidogo, usiku, maji yakiwa yamekupwa.